Topgyal Hayupo

Mtu ambaye hayupo ana shida moja kubwa: hapendi mtu akalie mto wake. Nasema hivi kwa sababu nimeishi mlango kwa mlango na Yeshe Rabsel tangu tulipoanza masomo, na katika makao yetu yote ya watawa hakuna aliyethibitisha vizuri kuliko yeye kwamba nafsi haipo. Ameitafuta kichwani, kifuani, kwenye pumzi, kwenye mawazo, na kote huko kakuta patupu. Lakini wewe jaribu kukaa kwenye mto wake pale uani, au mpishi amruke wakati wa kumimina chai, uone hiyo nafsi isiyokuwepo inavyovimba.

Mimi naitwa Thokmey. Nilianza darasa moja naye. Yeye akapanda, mimi nikabaki, nikapanda kidogo, nikabaki tena. Siku hizi napangiwa kazi za heshima kama kupokea wageni na kuwapa biskuti. Simwonei wivu. Nasema tu.

Sisi Watibeti tunaoishi huku kusini mwa India, katikati ya mashamba ya mahindi ya watu, elimu yetu inapigwa makofi. Kila alasiri watawa tunatoka uani. Mmoja anakaa chini, mwenzake anasimama mbele yake na kumuuliza maswali, na kila swali linakwenda na mguu kukitwa chini na kofi kulia mbele ya pua ya aliyekaa, ili kama ana usingizi umtoke. Aliyekaa haruhusiwi porojo. Anaweza kusema nakubali, au kwa nini, au sababu yako haijathibitika, au haifuati. Basi. Hakuna kusema inategemea, hakuna kusema tuzungumze baadaye tukiwa wawili. Na akijipinga kwa maneno yake mwenyewe, aliyesimama anazungusha mkono mara tatu juu ya kichwa chake akimtolea aibu, na ua mzima unamcheka.

Yeshe alikuwa hajazungushiwa mkono kwa miaka mingi. Mwaka ninaousimulia alikuwa anakaribia mtihani wa mwisho, ule wa kupata cheo cha geshe, ambacho kwa msomi wa kwetu hakuna kingine juu yake. Kwenye mtihani huo unakaa uani umevaa kofia ya njano, watawa wote wamekuzunguka, na yeyote kati yao ana haki ya kusimama akuulize. Mada aliyochagua ni ipi? Kwamba nafsi haipo. Ungedhani angechagua nyingine?

Wiki moja kabla ya mtihani akaja msichana getini. Alikuwa na suruali ya jinzi, nywele ametia rangi ya shaba, akaniambia anaitwa Chonzom na anafanya kazi saluni mjini Mysore. Nikamkalisha chumba cha wageni, nikampa chai na biskuti kama kazi yangu ilivyo. Akaniuliza kama hapa kuna mtawa ambaye zamani, kabla hajanyoa kichwa na kupewa jina jipya, alikuwa anaitwa Topgyal. Nilikuwa nataka kumwambia hapa kila mtu ana jina la zamani, atanipa kazi ya kuzunguka vyumba vyote. Halafu akasukuma nywele nyuma, nikaona masikio. Jamani, yale masikio. Makubwa, yamesimama, yanatazama mbele kama yanangoja habari. Masikio ya namna ile nilikuwa nayaona kila siku kwenye kichwa kisicho na unywele mmoja wa kuyaficha. Nikainuka bila kuuliza zaidi, nikaenda kumwita Yeshe.

Habari yenyewe aliieleza upesi, kama mtu aliyeifanyia mazoezi ndani ya basi. Mama yake anaitwa Lhakyi, anaishi kambi ya tatu ya Watibeti wenzetu, nusu saa kwa bajaji kutoka hapa. Mapafu yamekwisha. Hospitali wamemrudisha nyumbani wakisema apate pumziko, na sote tunajua hospitali ikisema hivyo ina maana gani. Hataki hela, hataki dawa, hata sala hajaomba. Anamtaka Topgyal aje amwone mara moja, angali na macho ya kumwonea.

"Na amesema," akamalizia, "hata kama hukupata chai, wewe njoo tu."

Mimi sikuelewa chai gani. Nilimwona tu Yeshe masikio yake yanabadilika rangi, moja likaanza, la pili likafuata.

Sasa mtu wa kawaida hapo angesema ndiyo, au hapana, au angalau pole. Yeshe akatoa darasa. Alimweleza yule msichana, kwa upole kabisa, kwamba mwili wa yule Topgyal umekwisha kubadilika wote, mawazo yake yamebadilika, viapo vyake ni vingine, jina ni lingine, na ukitafuta kati ya hivyo kitu kimoja kilichobaki vilevile hukioni. Akamtolea na mfano, maana Yeshe hawezi kukuomba chumvi bila mfano. Akamuuliza: ukifumua sweta, kisha uzi wake ukafumia soksi, lile sweta liko wapi? Alichagua sweta kwa hesabu zake mwenyewe. Kila baridi ikiingia, watu wa makambi yetu hupanda treni kwenda miji ya kaskazini kuuza sweta kando ya barabara, na bila shaka alidhani anamrahisishia.

Msichana alikuwa ameshika biskuti, hajaing'ata. Yeshe akasema, "Kwa hiyo mwambie mama yako ukweli. Topgyal hayupo."

Chonzom akaweka biskuti kwenye sahani. Akasema sawa, atamwambia. Akanishukuru mimi kwa chai, Yeshe hakumshukuru, akatoka. Nilimsindikiza hadi getini na njia nzima nilitafuta neno la kusema, mimi mtawa wa miaka yote hii, nikapata moja tu: nikamwambia siku ya mtihani watu wa nje wanaruhusiwa kuja kutazama, wanasimama kwenye baraza. Akaniuliza aje kutazama nini. Nikamwambia hata mimi bado sijui.

Niliporudi nilimkuta Yeshe kwenye chumba cha wageni anakula biskuti ya mtoto wa watu. Nikamwuliza kama haoni vibaya. Akaniambia, Thokmey, tatizo lako hujawahi kuielewa vizuri hii mada. Kweli, nilikuwa nimeifeli mara mbili. Lakini nilivyoifeli niliikariri, na aliyekariri kitu kwa uchungu hakisahau. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kweli kabisa. Mtu anakuita uje umwage naye machozi ya mwisho, wewe unampelekea soksi.

Siku ya mtihani ua ulijaa. Mkuu wetu wa makao, mzee ambaye husinzia mpaka mtu akosee, alikaa juu ya kiti chake. Ndugu za watawa walisimama barazani na birika za chai ya siagi. Chonzom alikuwa kule mwisho kabisa, amefunga nywele nyuma, masikio yote nje. Nilidhani hatakuja. Yeshe alikaa kwenye mto wake, kofia ya njano kichwani, na kama alimwona hakuonyesha.

Walisimama vichwa vya kwanza vya darasa, mmoja baada ya mwingine. Wakapiga makofi, wakakita miguu, jasho likawatoka, wakarudi kukaa. Yeshe aliwajibu kama mtu anayefukuza nzi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu hata ukuu wa makao ataupata. Mimi nikapandisha tasbihi mkononi, nikasimama.

Kicheko kilichozuka sitakielezea, kinaniuma bado. Hata mkuu alifumbua jicho moja. Yeshe akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mtu. Nikakita mguu, nikapiga kofi, nikamuuliza kama yule aliyeingia langoni kwetu na mfuko mgongoni, akasoma, akakariri, akala maharage ya hapa miaka yote ile, ndiye huyuhuyu aliyekaa leo, bila kubadilika. Akasema hapana, sababu haijathibitika. Sawa, nikasema, basi ni mwingine. Inafuata kwamba cheo cha leo hakikuhusu, maana aliyekisomea hayupo, na wewe umekuja kukaa kwenye mto wa mwenzio.

Watu wakacheka tena, lakini safari hii walimcheka yeye kidogo. Yeshe hakutikisika. Akajibu kwamba haifuati. Na alikuwa na haki, jibu lenyewe kila mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua: hakuna kitu kimoja kinachobaki, lakini kuna mkondo, leo unatoka kwenye jana, na huo mkondo ndio tunaouita mtu. Aliyepanda ndiye anayevuna, ingawa hakuna nafsi ndani yake. Atakayekana nafsi akamkana na mtu, huyo amevuka mpaka, amepotea. Hivi ndivyo tulivyofundishwa, na Yeshe mwenyewe amewafundisha wengine mpaka sauti ikamkauka.

Nikapiga kofi. "Basi unakubali kwamba matunda ya aliyoyafanya yule kijana aliyeingia langoni yanamfuata huyu aliyekaa?"

"Nakubali."

"Yote, au yale matamu tu?"

Hapo akamtupia mkuu jicho. Akasema yote. Asingeweza kusema jingine, mkuu alikwisha kufumbua macho yote mawili.

Nikasema inafuata basi kwamba aliyekaa mbele yangu ana mke anayekata roho kambi ya tatu, na ana binti, na binti huyo wiki iliyopita aliambiwa na mtu mwenye akili nyingi kwamba baba yake hayupo. Yeshe akauliza kwa nini. Ndiyo, ni mojawapo ya majibu yanayoruhusiwa. Sikuwa na haja ya kitabu. Nikaelekeza mkono barazani nikasema kwa sababu yule pale, na masikio yako umeyavaa wewe na yeye.

Watawa wote wakageuka. Watu wa barazani wakasogea, Chonzom akabaki peke yake na nguzo. Hakukimbia. Hakulia wala hakuinamisha kichwa. Alisimama tu akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza Yeshe akamtazama yeye.

Yeshe angeweza kusema haijathibitika. Masikio si ushahidi, wenye masikio makubwa wapo wengi, hoja yangu ilikuwa na tundu ambalo hata mimi niliweza kuliona. Nilijua, na yeye alijua, na najua alijua, kwa sababu mdomo wake ulianza kufunguka na kufungika, ukafunguka tena. Angesema hivyo, angeshinda, na jioni ile ile angekuwa geshe aliyeshinda kila mtu.

Akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Nakubali," akasema.

Nilikuwa na haki ya kuzungusha mkono. Nimeisubiri siku hiyo tangu ndevu zangu za kwanza. Nikazungusha, mara ya kwanza kwa nguvu, ya pili hivihivi, ya tatu sikuona tena utamu wake. Mimi si mtakatifu, lakini si jiwe pia. Mkuu akasema kofia aivae tu, mtihani amefaulu, kwa sababu jibu ni sahihi. Kisha akasema bajaji zipo getini.

Tukajibana watatu, mimi katikati na joho langu limepepea nje, Chonzom upande mmoja, Yeshe upande wa pili. Kwa nini nilikwenda mimi? Aliniomba. Alisema, Thokmey, twende wote, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Njia nzima kila mmoja alitazama mahindi ya upande wake. Dereva peke yake ndiye aliyekuwa na furaha.

Lhakyi alikuwa kitandani karibu na dirisha, amekwisha kweli, mikono mifupa mitupu, lakini kapuni kwake kuna sindano za kufumia na uzi. Tulivua viatu mlangoni. Chonzom akamwambia mama, nimekuja naye. Mama akamtazama Yeshe kuanzia miguuni, polepole, hadi kwenye kipara, akarudi tena miguuni.

"Huyu nani?"

Chonzom akasema ni baba. Mama akasema asimfanyie mzaha mgonjwa, Topgyal alikuwa na nywele mpaka mabegani na kiuno kama cha nyigu, huyu mtawa mnene kamtoa wapi. Halafu akasema aliletewa habari kwamba Topgyal hayupo, na yeye habari hiyo ameikubali, amekwisha kumwashia na taa ya marehemu.

Nilimtazama Yeshe na, nisamehewe, nilifurahi. Miaka yote alikuwa anathibitisha kwamba si Topgyal, na alikuwa hodari. Sasa alitakiwa athibitishe kwamba ni Topgyal, mbele ya mwanamke mmoja asiye na pumzi, na hakujua aanzie wapi.

Akaanzia kwenye masikio. Mama akasema masikio ya namna hiyo yanauzwa kila soko. Akataja mji waliokuwa wakiuzia sweta, mtaa, rangi ya turubai lao. Mama akasema hayo hata majirani wanayajua, walikuwa wanauza pamoja. Akataja wimbo alioupenda, akataja mbwa aliyewaibia nyama. Mama akatikisa kichwa. Kumbe naye alikuwa na jibu moja tu, haijathibitika, na hakuhitaji mengine. Yeshe alikuwa anatokwa na jasho kuliko kwenye mtihani. Nilimwona kwa mazoea ameinua mkono kama anataka kupiga kofi, akaukuta hewani, hajui aupeleke wapi.

"Kama wewe ni yeye," mama akasema, "siku ile ya mvua, sweta zote zimelowa, mimi nina mimba ya huyu, neno la mwisho uliloniambia ni lipi?"

Yeshe akapiga magoti. Hakutoa mfano.

"Nilikuambia nakwenda kununua chai."

"Nani alisema?"

"Mimi."

"Sijasikia. Kifua changu kinapiga kelele."

"Mimi, Lhakyi. Ni mimi niliyekuacha pale. Nilifika kwenye chai nikapita, nikaona kituo cha treni nikaingia. Niliogopa. Ni mimi."

Akalia, na hakujificha uso. Chonzom aligeukia ukutani. Mama alimwacha alie, akamwangalia kama mtu anayehesabu kitu alichokuwa anadai ambacho si fedha. Alipotosheka akasema alimtambua tangu mlangoni, anavua kiatu cha kushoto kwanza halafu anapepesuka, hajawahi kujifunza. Alitaka tu kulisikia likisemwa na mwenyewe, kwa sababu yeye peke yake amelisema kwa miaka yote hiyo na amechoka.

Kisha akamwambia asogee. Akamwambia anyooshe mikono miwili mbele, aitanue. Akatoa kapuni sweta kuukuu la buluu, la kiume, viwiko vimechanika, upande mmoja tayari limeanza kufumuliwa. Yeshe akalitambua, na hata mimi nilitambua kwamba amelitambua. Mama akasema ni lile alilomwachia siku ile, amelitunza mpaka nondo wakamshinda, sasa analifumua amfumie Chonzom jipya kabla hajaondoka, Mysore asubuhi kuna baridi. Akaanza kuvuta uzi na kuuzungusha kwenye mikono ya geshe mpya, ule uzi umejikunja kunja bado kwa umbo la sweta la zamani.

Yeshe akafungua mdomo. Namjua. Nililiona linakuja. "Lakini likishafumuliwa," akaanza, "je, hilo sweta la Chonzom litakuwa ni lile..."

"Topgyal," mama akasema, "shika uzi."

Akashika.